Nywele za Chiriku

Jumamosi mchana, baada ya kufua, bweni la tatu liligeuka saluni. Magodoro yalisogezwa, ndoo zikapinduliwa zikawa viti, na kila mwenye kichwa kilichotimka alitafuta mtu wa kumshika. Msusi peke yake hakutafuta mtu, yeye alitafutwa. Alikuwa binti wa kidato cha tatu, mwembamba, mpole, maneno yake ya kubana, lakini mpe kitana na uzi ndipo ungemjua. Mistari yake ilinyooka hata walimu wakikagua vichwa kwenye gwaride la Jumatatu walisimama na kuuliza, "Wewe nani kakusuka?" Jibu lilikuwa lile lile kila wiki, mpaka jina lake la nyumbani likasahaulika. Hata yeye ukimwita kwa jina hilo alichelewa kugeuka.

Jumamosi hiyo aliyekaa kati ya magoti yake ni Chiriku. Huyo jina alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa anaongea akila, anaongea akifua, anaongea hata na mswaki mdomoni, na mwalimu wa hesabu aliwahi kumhamishia dawati la mwisho karibu na ukuta, akaongea na ukuta.

"We mtoto, unanisuka au unanilima?" Chiriku alilalamika. "Nyie watu wa milimani mikono imezoea jembe."

"Tulia. Kichwa kigumu cha bondeni hiki, kitana kinaomba likizo."

"Kikivunjika utajieleza kwa mama mkwe wako."

Mama mkwe aliyesemwa hapo ni mama yake Chiriku. Kila siku ya kutembelewa mama huyo alikuwa akimkumbatia Msusi na kumwita mkwe wangu, eti atamwoza mwanawe wa kiume, ambaye wakati huo hata meno ya utoto yalikuwa hayajamwisha. Walitoka sehemu mbili hawa wasichana. Msusi kwao milimani, Chiriku kwao bondeni, na kati ya milima na bonde kuna ugomvi wa mipaka na malisho ulioanza kabla babu zao hawajaota ndevu. Lakini ugomvi wa wakubwa waliuacha kwa wakubwa. Shuleni ulibaki utani. Tangu kidato cha kwanza walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Chiriku juu na Msusi chini, sabuni yao moja, mafuta yao mamoja, na siri zao zote kwenye sanduku moja la bati.

Sasa, bweni lile lilikuwa na adabu zake za kusukana, na hakuna mwalimu aliyezifundisha. Aliyeanza kichwa ndiye anayekimaliza, hairuhusiwi mkono wa pili. Na nywele zinazong'oka na kitana ni mali ya mwenye kichwa. Msusi huzikusanya, huzivingirisha zikawa kidonge, na kazi ikiisha humwekea mwenyewe kiganjani na kumwambia, "Shika mali yako." Mwenyewe huenda kuzitupa chooni kwa mkono wake. Ukiwauliza kwa nini, wangekucheka. Mmoja angekuambia ndege akizijengea kiota utaumwa kichwa mwaka mzima, mwingine angekuambia kuna watu wabaya. Wengi hawakuamini hata kimoja, ila hakuna aliyethubutu kuziacha sakafuni. Ndivyo tulivyo watu, jamani. Hatuamini, lakini hatujaribu.

Upande wa kushoto wa kichwa cha Chiriku ulikuwa umekwisha, mistari imelala safi. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimechambuliwa tu, zimesimama wima. Kidonge kiko mkononi mwa Msusi, Chiriku anasimulia jambo la mpishi na paka, ndipo mlango uliposukumwa kwa kishindo.

Aliyeingia alikuwa kiranja wa bweni, msichana wa kidato cha nne. Kwa Msusi alikuwa zaidi ya kiranja. Mama zao walizaliwa tumbo moja, na Msusi alimwita dada tangu akijifunza kutembea.

"Wa milimani wote, nje," alisema kwa lugha ya nyumbani. Wengine hawakuielewa lugha, lakini sauti waliielewa.

"Dada, nimalizie kidogo tu hapa..."

"Nimesema inuka. Hicho kichwa kiache."

Msusi akainuka. "Narudi sasa hivi," alimnong'oneza Chiriku. "Usikae kwenye upepo." Na bila kufikiri, mkono wake ukateremka, ukatumbukiza kidonge cha nywele kwenye mfuko wa sketi. Kosa lake lilikuwa hilo, halikuwa na la pili. Ningejua huja nyuma, na ikija haimsaidii mtu.

Walikutana nyuma ya mabafu, penye kamba za nguo. Wasichana wa milimani hawakuwa wengi pale shuleni, wote walienea chini ya kamba mbili. Kiranja alisimama mbele yao macho mekundu. Habari ilikuja na dereva wa lori la kuni, dereva akawaambia wapishi, na wapishi tangu lini wakaweka siri. Watu wa bondeni walikuwa wamevuka mto. Kijiji cha mpakani kilikuwa kimechomwa chote.

"Kijiji cha mpakani si ndiko kwa mjomba?" Msusi aliuliza.

"Ndiko."

"Na bibi si yuko kwa mjomba tangu aumie mguu?"

Kiranja akamvuta mdogo wake kifuani wakalia wote wawili. Hapo Msusi alilia kilio cha kweli. Bibi yule ndiye aliyemfundisha kusuka, kwenye ngozi ya mbuzi kwanza, halafu kwenye kichwa chake mwenyewe chenye mvi. Asije mtu akasema binti huyu hakuwa na uchungu na watu wake.

Kiranja alipomaliza kulia alipangusa uso kwa pindo la blauzi na kutoa amri. Kuanzia leo hakuna kuazimana ndoo na wale. Hakuna kukaa nao meza moja, hakuna kusukana. Atakayeonekana na urafiki nao asimwite mtu hapa ndugu.

"Lakini Chiriku hajachoma nyumba ya mtu," Msusi alisema.

"Na bibi alichoma ya nani?"

Msusi alipotia mkono mfukoni kutafuta leso ya kujifutia kamasi, vidole vyake vikagusa kile kidonge cha nywele. Akakiacha pale pale.

Waliporudi bwenini walikuta wenzao nao hawakukaa bure. Vitanda vimeburutwa, masanduku ya bati yamepangwa katikati ya chumba yakawa mpaka, na wasichana wa bondeni wote wako ng'ambo ya masanduku. Kwao habari ilikuwa imefika kwa uso wake mwingine. Kwamba milimani ndio walioanza, kwamba wameua vijana waliokuwa wakichunga, na mmoja wa vijana hao alikuwa binamu wa Twiga. Twiga alikuwa nahodha wa netiboli, mrefu wa kugusa darini, na siku hiyo alikuwa amekaa kitandani anajitikisa mbele na nyuma bila kutoa sauti. Huenda habari zote mbili zilikuwa za kweli. Hilo ndilo baya la habari hizi, kila mtu analia maiti wake na kila mtu ana haki.

Chiriku naye alikuwa ng'ambo, amejifunga kitambaa kichwani, upande mmoja umelala na mwingine umevimba. Wakaangaliana. Msusi akainua kitana kidogo, ishara ya nitamalizia. Chiriku akatikisa kichwa kidogo, ishara ya siyo sasa. Kitanda chao cha ghorofa kilibaki na mtu chini na godoro tupu juu.

Jumapili asubuhi Msusi alikitoa kile kidonge mfukoni akakikuta kinafumuka. Kukitupa hawezi, si mali yake, na adabu ya bweni iko wazi. Basi akakivingirisha upya, akakizungushia uzi mweusi wa kusukia ili kisitawanyike, akafunga fundo zuri, akakiweka ndani ya leso safi. Alifanya vile kwa sababu ndivyo mtu anavyotunza kitu cha mwenzake. Akangoja nafasi.

Nafasi ilipatikana bombani, wengine wakiwa kwenye ibada. Chiriku alikuwa anakinga maji, uso umemvimba, macho yamelegea.

"Kichwa kinanigonga," alisema bila kumtazama. "Tangu jana. Mwili wote unauma."

"Njoo nikumalizie. Nyuma ya maktaba hakuna mtu."

"Wakituona?"

"Basi mwambie mtu mwingine akufumue, utakaaje hivyo?"

"Twiga alitaka kunifumua, nimemkatalia. Nimemwambia aliyeanza ndiye anayemaliza." Chiriku akatabasamu kidogo, Chiriku yule yule wa siku zote. "Alinitazama hivyo, nikadhani atanizaba kofi. Na nywele zangu je?"

"Ninazo hapa," Msusi akasema, na mkono ukaingia mfukoni.

Ndipo Twiga na wenzake wakatokea na ndoo zao kwenye kona ya jiko. Upande wa pili, kwenye ngazi za bweni, kiranja alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Msusi aliwaona wote kwa mpigo mmoja. Mkono ukakwama.

"Unampa nini?" Twiga aliuliza.

"Hakuna."

"Mfukoni mna nini?"

"Hakuna kitu."

Chiriku naye, mdomo ule usiokuwa na breki, siku hiyo hakusema neno. Alitwaa ndoo yake nusu akaondoka. Twiga aliutazama mfuko wa sketi ya Msusi kwa muda mrefu, kisha akakinga maji kana kwamba hakuna lililotokea.

Jumatatu kwenye gwaride, bendera ikiwa bado haijafika juu, Chiriku alianguka. Alianguka vibaya, uso mbele, na walipomgeuza meno yalikuwa yanagongana. Ilikuwa malaria, hata mtoto angekuambia ni malaria. Mvua zilikuwa zimeanza, na mbu wa shule ile hawakuwahi kumuuliza mtu kwao wapi. Wiki moja nyuma waliugua wasichana wa milimani na wa bondeni, wakanywa dawa, wakapona, na mchawi hakutafutwa. Lakini wiki moja nyuma masanduku hayakuwa katikati ya chumba.

"Nywele zake!" Twiga alipiga kelele. "Nywele zake anazo yule! Mkagueni mfukoni!"

Matroni alikuwa mama mnene mwenye haraka, anayependa mambo yaishe ili akanywe chai. Alimwendea Msusi mbele ya shule nzima akamtia mkono mfukoni. Akatoa leso. Akaifungua. Kidonge kikaonekana juani, kimefungwa uzi mweusi, na fundo.

Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akapiga ukelele na foleni zote zikarudi nyuma. Nisijitie ushujaa mimi ninayesimulia. Ningekuwa kwenye foleni ile, nikaona ule uzi na lile fundo, ningerudi nyuma pamoja nao.

"Nilisahau kumrudishia," Msusi alisema. "Nilisahau tu."

"Ukasahau ukafunga na uzi?" Twiga alimuuliza. Hakuwa anapiga kelele tena. Aliuliza polepole, machozi yakimtoka, na swali lile likapita foleni hadi foleni mpaka likafika kwa wapishi waliokuwa wamejaa kwenye mlango wa jiko.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mama wa kemia, msomi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na yeye alikasirika kuliko wote, ila alikasirikia kitu kingine.

"Katika shule yangu," alisema, "karne hii, watoto wa sayansi, mnaniletea uchawi!" Akaishika ile leso kwa ncha za vidole akaitupa kwenye pipa la taka. "Uchawi haupo. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini mwalimu, mimi sikufanya uchawi. Mimi nilikuwa namsuka, halafu dada..."

"Sitaki kusikia habari za nywele. Nimesema haupo, na kisichokuwepo hakijadiliwi."

"Waambie basi, mwalimu. Waambie wenzangu kwamba nilisahau. Wakisikia kwako wataamini."

"Nitawaambia kwamba uchawi haupo, inatosha." Akavaa miwani na kuvuta makaratasi. "Nenda darasani. Na vitanda virudishwe mahali pake."

Vitanda havikurudi. Msusi alitoka ofisini akiwa hana hatia wala hana mtu, maana kuambiwa uchawi haupo si sawa na kuambiwa wewe si mchawi. Mwanamke yule alikuwa na elimu yote ile na bado alishindwa kuona tofauti. Inakera, basi tu.

Bwenini kulikuwa na mapokezi. Wasichana wa milimani walimzunguka, mmoja kamletea biskuti, mwingine kamtandikia kitanda, na wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wanamtazama kwa heshima wanayowekewa watu wakubwa.

"Wao wamechoma nyumba, wewe umewachoma vichwa," mmoja alisema, na kicheko kikapita.

"Sikufanya hivyo!" Msusi alisema kwa nguvu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ng'ambo ya masanduku vichwa viligeuka. "Sikufanya chochote. Nilisahau..."

Kiranja alimkamata mkono, akampeleka hadi kwenye chumba cha mafagio na kuufunga mlango nyuma yao.

"Dada, wewe unanijua."

"Nakujua tangu unalamba kamasi. Najua hukufanya."

"Basi waambie!"

"Nimwambie nani?" Kiranja alikuwa amechoka, uso wake ulikuwa wa mtu mzima. "Mwili wa bibi umeonekana. Wamelazwa kwenye madarasa ya shule ya msingi, yeye na wenzake. Mjomba bado. Sasa sikiliza. Yule mtoto wetu wa kidato cha kwanza, kale kadogo kenye meno ya mbele, unajua Jumamosi kalilala wapi? Sakafuni. Walimwagia maji godoro lake, ndoo yake wakaichukua. Leo baada ya gwaride ndoo imerudishwa. Imesuguliwa na mchanga, inang'aa. Unajua kwa nini?"

Msusi akatikisa kichwa.

"Kwa sababu yako. Wanaogopa. Sisi hapa ni wachache, Matroni yuko na chai yake, Mkuu yuko na kemia yake. Ukienda leo ukawaambia na wakakuamini, kesho nani atatulinda? Wewe na kitana chako?"

"Na Chiriku je?"

"Chiriku ana watu wake," kiranja alisema, na kwa mara ya kwanza akamkwepa macho. "Nyamaza tu. Sikwambii useme uongo. Nakwambia unyamaze."

Alipofungua mlango, kale kadogo kenye meno ya mbele kalikuwa kamekaa juu ya ile ndoo yake inayong'aa, kanasoma, miguu inaning'inia. Msusi alikatazama. Angesema nini? Ungekuwa wewe ungesema nini? Akaenda akakaa kitandani pake na watu wakaendelea kumsifu, naye akawaacha wamsifu. Ng'ambo ya masanduku walimwona amenyamaza, wakatikisa vichwa. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Siku zile alizoea kupishwa. Akiingia bafuni, bafu linabaki tupu. Akipanga foleni ya chakula, foleni inampa nafasi mbele na nyuma. Hakuna aliyemtukana hata mara moja. Jumamosi ilipofika hakuna kichwa kilichokuja kati ya magoti yake, hata cha milimani. Walimsifu wote, lakini kichwa hawakumpa. Mmoja alisingizia amekwisha sukwa, mwingine alisema ananyoa. Kale kadogo kenyewe, alipokaita kasukwe bure, kalishika kichwa kwa mikono miwili na kusema, "Asante dada, nywele zangu bado fupi." Zilikuwa zimefika mabegani.

Jioni ile ile alikwenda chumba cha wagonjwa. Hakumwambia mtu. Nesi, kijana mpya asiyejua mambo ya mabweni, alimfungulia mlango bila swali. "Rafiki yako anaendelea vizuri," alisema. "Homa imeshuka. Nakwenda kuchukua dawa nyingine stoo, kaa naye."

Chiriku alikuwa amelala chali, shuka imefika kidevuni. Msusi alipomwona alisahau alichokuja kusema. Kichwa kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, huku kipara, huku vishungi. Matroni alizikata zote, zilizosukwa na ambazo hazikusukwa, na Twiga na wenzake wakazichoma wakisimama mpaka majivu yapoe.

"Nimekuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu, eeh?" Chiriku alisema kwa sauti nyembamba.

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja. Akavuta kiti. "Chiriku, nilisahau. Siku ile dada aliniita, nikatia mfukoni. Pale bombani nilitaka kukupa."

"Najua."

"Uzi nilifunga zisitawanyike. Zilikuwa zinafumuka."

"Najua. Nimewaambia hivyo hivyo. Twiga kaniambia mimi mjinga, eti kama zilikuwa zinafumuka ungezitia kwenye karatasi. Nikamwambia huyu mtu ni msusi, mfukoni ana uzi, hana karatasi." Alipumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha siku hizi. "Nimekutetea mpaka wameacha kuja kuniona."

Moyo wa Msusi ukafunguka. Tangu gwaride lile hakuna mtu aliyemwambia neno la namna hiyo. Alitaka kumshika mkono, akamshika kupitia shuka, na mkono ndani ya shuka ukarudi nyuma taratibu. Alijiambia ni maumivu ya homa.

"Wewe kwa nini hukusema?" Chiriku aliuliza. "Wanasema ulikaa wanakusifu, ukanyamaza."

"Dada alisema..." Msusi alianza, akaona ndoo inayong'aa na miguu inayoning'inia, akaona haielezeki. "Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," Chiriku alisema. Aliangalia dari. "Mchana naamini unachosema. Nalala naamini. Halafu homa inapanda, naanza kujiuliza."

"Unajiuliza nini?"

"Usiniulize, wewe. Ni homa."

Walikaa. Nje wasichana wa netiboli walikuwa wanapigiwa filimbi. Midomo ya Chiriku ilikuwa imekauka, imepasuka, akailamba na kusema kiu inamuua. Msusi aliruka. Alishukuru kupata kazi. Kwenye stuli kulikuwa na jagi na kikombe cha bati, akamimina, akamshika Chiriku shingo kumwinua, na mara hiyo shingo ikakakamaa kabisa kwenye kiganja chake. Akaiachia. Akamnyooshea kikombe.

Chiriku alikitazama. Alitazama maji yenyewe, ndani, kwa uangalifu.

"Weka hapo," alisema. "Nitakunywa baadaye."

"Si umesema kiu inakuua?"

"Baadaye kidogo."

Msusi akaelewa. Hakukasirika, nguvu za kukasirika angezitoa wapi? Alikinyanyua kikombe, akanywa yeye mwenyewe hadi nusu, mbele ya macho ya mwenzake, akameza kwa sauti, akafuta mdomo, akamnyooshea nusu iliyobaki. Maji yalimwagika kidogo kwenye shuka. Chiriku alijivuta mbali na pale yalipomwagikia.

"Nakuamini," Chiriku alisema, machozi yanamtiririkia masikioni. "Haki ya Mungu nakuamini, Msusi. Nakuamini."

Mikono yake haikutoka ndani ya shuka.

Mlango ukafunguliwa, nesi akaingia na vidonge vyake. "Haya, mgonjwa, unasemaje?"

"Naomba maji," Chiriku alisema.

"Si haya hapa rafiki yako amekushikia?"

"Naomba mengine."

Nesi akawatazama mmoja na mwingine, hakuelewa, akatoa kikombe cha pili kabatini, akakisuuza, akamimina. Chiriku aliinuka mwenyewe kwa viwiko, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumua.